Kebo ya zamani ya VAG KKL 409.1 kwenye laptop ya Windows 11: jinsi ya kuifanya iongee na gari

Wakuu, hii ni kwa wenye Golf 4, Bora, Passat B5, Polo za mwanzoni mwa miaka ya 2000, Audi A4 za B5 na B6, Skoda Octavia ya kwanza, zile gari ambazo ukizipeleka kwa fundi wa mtaani anaanza kukuna kichwa kabla hujafungua boneti maana mashine yake kaizoea kwa Toyota tu. Kuna kebo fulani, mara nyingi ya bluu au nyeusi, upande mmoja USB upande wa pili plagi kubwa ya pini 16, kwenye kava wameandika VAG KKL 409.1 au VAG-COM, imekuwepo sokoni miaka na miaka na bei yake ni ndogo. Kwa gari hizo nilizotaja kebo hiyo inasoma injini, ABS, airbag, dashibodi, immobilaiza, gia ya otomatiki, vitu ambavyo kale kadude ka Bluetooth ka ELM327 vingi hakavigusi. Tatizo lake ni kwamba imetengenezwa enzi za Windows XP, na ukiichomeka kwenye laptop ya leo ama haionekani kabisa ama inaonekana halafu programu inasema haioni kitu. Hapo watu wanaitupa wakijua imekufa. Nyingi ninazoletewa ziko hai kabisa.

Kitu ambacho nataka kikukae ni hiki, usianze na gari na usianze na programu. Kati ya laptop na kompyuta ya gari kuna vituo vinne: chipu ya USB iliyo ndani ya kebo, draiva ya hiyo chipu, namba ya COM ambayo Windows imeipa, halafu upande wa volti 12 na waya wa K kwenye gari, yaani ule waya ambao kompyuta za gari zinaongelea na mashine ya kupimia. Ukivipima kimoja kimoja kwa mpangilio huo utajua tatizo liko wapi, ukirukaruka utabadilisha laptop, utabadilisha kebo, utamlaumu fundi, na bado hujui.

Kabla ya yote hakikisha gari lako ni la kebo hii. Piga tochi kwenye soketi ya OBD, ile ya kuchomekea mashine ya kupimia gari, kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa dereva au nyuma ya kifuniko kidogo katikati ya gari. Angalia tundu namba 7, lile la saba kwenye mstari wa juu, likiwa na chuma ndani huo ndo waya wa K na ndo tunaoutaka. Namba 4 na 5 ni hasi, namba 16 ni chanya ya betri inayokuwepo muda wote hata swichi ikiwa ofu, namba 15 ni waya wa L ambao kwenye gari nyingi haupo na haina shida. Namba 6 na 14 ni CAN, hiyo ni lugha nyingine kabisa na kebo hii haiijui. Ndo maana Golf 5, Jetta 5, Passat B6, Octavia ya pili na kuendelea usijisumbue nazo, zilishahamia kwenye CAN na zinataka kebo ya aina nyingine. Na wenye Toyota msije mkanunua hii kwa sababu plagi inaingia, kuingia inaingia maana soketi ni moja dunia nzima ila programu tutakayotumia ni ya kundi la Volkswagen (VAG) tu.

Ile CD inayokuja na kebo iache. Mara nyingi ndani kuna toleo la zamani la VAG-COM lililovunjwa, draiva za Windows XP zisizojua mfumo wa biti 64, na usiulize kuna vairasi gani wengine wameweka humo. Laptop nyingi za sasa hata pa kuweka CD hazina. Kila unachohitaji kipo bure kwa wenyewe wanaokitengeneza, nitakwambia wapi.

Sasa tuanze na chipu. Kebo hizi kwa nje zinafanana ila ndani kuna angalau familia tatu: FTDI ambayo ndo ya kwanza kwa ubora, CH340 au CH341 ya Kichina ya kampuni ya WCH ambayo ndo nyingi zaidi siku hizi, na Prolific PL2303 ambayo utaikuta zaidi kama kebo yako ni ile ya zamani zaidi yenye plagi ya tundu 9 ya serial halafu ukaongezea adapta ya USB. Kila moja ina draiva yake, na kosa kubwa ninaloliona ni mtu kupakua draiva ya kwanza aliyoiona intaneti bila kujua ana chipu gani, anaweka tatu kwa mpigo, Windows inachanganyikiwa na yeye anachanganyikiwa zaidi.

Kuijua chipu hauhitaji kufungua kava. Chomeka kebo kwenye laptop, gari hauhitaji bado. Raiti kliki kitufe cha Start, fungua Device Manager, tafuta kitu kilichojitokeza sasa hivi, kinaweza kuwa chini ya Ports au chini ya Other devices kikiwa na alama ya njano. Raiti kliki hapo, Properties, nenda kwenye tabu ya Details, kwenye kile kisanduku cha kuchagua weka Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na USB kisha VID na PID. Ukiona VID_0403 na PID_6001 hiyo ni FTDI, VID_1A86 na PID_7523 ni CH340, VID_1A86 na PID_5523 ni CH341, VID_067B na PID_2303 ni Prolific. Mtu wa Linux atafungua tu teminali aandike lsusb, namba hizohizo zinatoka. Ziandike pembeni kabla hujagusa kitu kingine.

Kama hakuna chochote kinachojitokeza, hata ile sauti ya Windows ya kuchomeka kitu haisikiki, badilisha tundu la USB, usipitie kwenye habu, na uishike ile shingo ya kebo karibu na plagi uichezeshe taratibu maana hapo ndo waya hukatikia. Ukiona Windows inasema kifaa hakijatambuliwa na kosa namba 43, laptop imeona kuna kitu ila hakijaweza kujitambulisha, hapo mara nyingi ni waya za USB zenyewe au chipu imeungua kweli. Kosa namba 28 ni jambo la kheri, maana yake chipu inaongea vizuri ila draiva haipo.

Ukiwa na FTDI kazi yako ni nyepesi. Unganisha intaneti, Windows 11 yenyewe kwa kawaida inaivuta draiva kupitia Windows Update, isipovuta nenda tovuti ya FTDI uchukue ile ya VCP. Ila kuna historia hapa ambayo inaeleza kwa nini kebo ya mtu ilikuwa inafanya kazi halafu siku moja ikazima. Chipu za FTDI zimeigwa sana, na mwaka 2014 kampuni ilitoa draiva ambayo ikikuta chipu ya kuiga inabadilisha ile namba ya PID kuwa 0000, kebo ikawa haijulikani tena kwenye kompyuta yoyote. Kelele zikawa nyingi draiva ile ikaondolewa kwenye Windows Update, lakini mwaka 2016 ikaja nyingine ambayo haiharibu namba, yenyewe inachomeka maneno NON GENUINE DEVICE FOUND katikati ya data, na programu ya gari ikipokea maneno hayo badala ya majibu ya ECU (kompyuta ya gari) inaona takataka tu. Kwa hiyo ukiona VID_0403 na PID_0000 ujue ni nini kilichotokea. Kuna watu wanairudisha namba kwa programu maalumu, mimi kwa bei ya kebo hizi nakushauri nunua nyingine, tena tafuta iliyoandikwa CH340 kuliko FTDI feki, bora kitu cha bei rahisi kinachosema ukweli.

Kwa CH340 ingia tovuti ya WCH, pakua kifurushi kinachoitwa CH341SER, ndani kuna draiva ya biti 64 yenye saini ya Microsoft, bonyeza Install, chomoa kebo, chomeka tena. Hata hizi CH340 zina za kuiga, na draiva mpya baadhi zinagoma nazo, dalili yake ni kwamba kebo inaonekana vizuri kwenye Ports ina namba yake ya COM ila ukiifungua programu inaganda au haipokei kitu. Hapo rudi kwenye draiva ya nyuma, toleo la 2019 limewasaidia wengi: Device Manager, Properties, tabu ya Driver, kama Roll Back Driver inabonyezeka bonyeza, kama haibonyezeki chagua Update Driver kisha Browse my computer kisha Let me pick halafu uoneshe toleo la zamani ulilopakua.

Prolific ndo msumbufu wao. Wenyewe waliacha kusapoti chipu zao za zamani kwenye Windows mpya, na kwenye Windows 11 utakuta jina la kifaa limegeuka kuwa sentensi nzima, PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012, pamoja na kosa namba 10. Chipu ni nzima, ni draiva mpya tu inakataa kuihudumia. Dawa ni ileile njia ya Let me pick, unaweka draiva ya zamani ya Prolific, toleo la 3.3.2.105 la mwaka 2008 ni moja ya zinazojulikana kukubali. Shida inayofuata ni kwamba Windows Update inakuja kimyakimya inaiapdeti tena na kebo inakufa tena, kwa hiyo ikitokea wiki tatu mbele usishangae, rudi uchague ile ya zamani, kwenye ile orodha itakuwa bado ipo. Kama adapta ni ya kununua leo, nunua yenye FTDI halisi tu uachane na mzunguko huu.

Neno moja kuhusu saini za draiva. Utaona mafundisho mengi yanakwambia uizime ile kinga ya Windows ya kukagua saini, au uzime Memory Integrity kwenye Core isolation, ili draiva ya enzi za XP iingie. Usifanye hivyo. Windows 11 yote ni ya biti 64 na haitaki draiva isiyo na saini kwa sababu ya msingi, na kwa chipu zote tatu hizi draiva zenye saini zipo, kwa hiyo hauna haja ya kuiacha laptop yako unayofanyia miamala ya benki wazi kwa ajili ya kebo. Ukiona kosa namba 52 maana yake umepewa draiva isiyo na saini inayokubalika, tafuta nyingine.

Haya, tuseme sasa kebo iko chini ya Ports, imeandikwa USB Serial Port au USB-SERIAL CH340 na mwishoni kuna COM fulani. Wengi wanashangilia hapa halafu programu inagoma, kwa sababu Windows imewapa COM7 au COM12 wakati programu tutakayotumia ni ya zamani na inachagua kuanzia COM1 mpaka COM4 peke yake. Raiti kliki hiyo port, Properties, Port Settings, Advanced, hapo kwenye COM Port Number weka COM3 au COM4. Ikikuandikia kwamba namba hiyo in use mara nyingi si kweli, ni kumbukumbu ya modemu au simu uliyowahi kuchomeka zamani. Kwenye menyu ya View chagua Show hidden devices, utaziona port zilizofifia rangi, zile usizozijua matumizi yake na ambazo hazijachomekwa unaziondoa kwa Uninstall, kisha unarudi kuweka namba yako. Na kumbuka Windows inakumbuka namba kwa kila tundu la USB, ukihamia tundu lingine unaweza kukuta namba imebadilika tena, kwa hiyo chagua tundu moja kwenye laptop uwe unatumia hilohilo siku zote.

Kwenye dirisha hilohilo la Advanced wenye FTDI mtaona Latency Timer, imewekwa 16. Ishushe iwe 1 au 2. Hii watu wanaiona ndogo ila kwa gari za VAG ni kubwa sana na ngoja nieleze kwa nini, maana ukielewa hapa utaelewa kebo nzima. Gari hizi za zamani zinaongea itifaki inayoitwa KWP1281. Laptop inaanza kwa kuita namba ya kifaa, tuseme 01 ya injini, kwa mwendo wa pole kabisa wa biti 5 kwa sekunde, ndo maana ukibonyeza kuna zile sekunde mbili hivi za kimya kabla ya jibu. ECU ikiitika mwendo unapanda mpaka maelfu ya biti kwa sekunde, wengi 10400 au 9600, lakini kuna sharti, kila baiti moja inayotumwa upande wa pili lazima uijibu kwa kuirudisha ikiwa imegeuzwa kinyume, ndo baiti inayofuata itumwe, ni kama watu wawili wanaosomeana namba ya simu na kila tarakimu mmoja anasema ndiyo kabla mwingine hajaendelea. Sasa chipu ya USB ikiwa imewekwa isubiri milisekunde 16 ndo ikabidhi kilichoingia, kila baiti inachelewa, na ECU uvumilivu wake ni mdogo, inaona umekaa kimya inakata mawasiliano. Dalili yake ni kebo inayounganika na injini halafu inakatika baada ya muda mfupi, au inasoma injini lakini ABS inagoma. CH340 haina mahali pa kuweka hiyo latensi, huwa inaenda hivyohivyo na mara nyingi inatosha.

Hukohuko kwenye Device Manager nenda kwenye USB Root Hub, tabu ya Power Management, toa tiki kwenye ile ya kuruhusu kompyuta izime kifaa kuokoa umeme. Laptop mpya ziko makini sana na kuokoa chaji, zinalalisha USB katikati ya kazi.

Kabla hujaenda kwenye gari kuna kipimo kimoja ninachokipenda sana na wachache wanakijua. Waya wa K ni mmoja kwa kutuma na kupokea, kwa hiyo chochote kebo inachotuma inakisikia yenyewe. Chukua betri ya volti 12 ndogo, ya pikipiki au ile ya alamu, chanya iguse pini 16 ya plagi ya kebo, hasi pini 4 na 5, kwa uangalifu usigeuze maana ukigeuza unaunguza. Fungua PuTTY, programu ya kutuma herufi moja kwa moja kwenye port, chagua Serial, andika COM yako na spidi 9600, kwenye mipangilio ya Terminal weka Local echo iwe Force off. Sasa bonyeza herufi. Ukiandika GARI ukaona GARI kwenye skrini basi chipu, draiva, namba ya COM na sehemu ya umeme ya waya wa K ndani ya kebo vyote ni vizima, umemaliza nusu ya kazi ukiwa umekaa mezani. Ukitoa betri herufi zitaacha kuonekana kama kawaida au zitakuja takataka, ni sawa, ndo inavyotakiwa. Kipimo hiki kinakuokoa kwenda kuchunguza waya za gari juani wakati tatizo lilikuwa kwenye kebo.

Programu sasa. Ingia tovuti ya Ross-Tech uchukue VCDS-Lite. Hawa ndo walioandika VAG-COM tangu mwanzo na hili ni toleo walilolibakiza kwa ajili ya gari za zamani na kebo hizi rahisi zisizo na akili ndani. Ni bure kupakua, usipoisajili baadhi ya kazi zinafungwa na maelezo ya makosa hayaji yote, ila kwa kujua gari linaumwa nini inatosha, na ukiona inakusaidia mara kwa mara ilipie maana ni kazi ya watu. Usihangaike na VCDS kamili zile za kuvunjwa, zenyewe hazitaki kabisa kebo ya aina hii.

Ukishaiweka, chomeka kebo kwenye gari, washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake bila kustart injini, fungua VCDS-Lite, bonyeza Options, chagua COM yako, bonyeza Test. Kufanya Test wakati kebo haipo kwenye gari ni kupoteza muda, kebo nyingi hizi sehemu ya K inalishwa na betri ya gari. Ikisema port haifunguki ujue namba ya COM umekosea au kuna programu nyingine imeishikilia, hata ile PuTTY uliyosahau kuifunga. Ikisema port ni sawa lakini interface haioni, hapo umeme wa gari haufiki kwenye kebo. Ikikubali bonyeza Save, rudi nyuma, Select Control Module, bonyeza 01-Engine, subiri.

Ikiunganika utaona namba ya ECU, jina la injini na kodi ya fundi. Piga picha ya skrini hiyo hapohapo, na kila unapoingia kwenye kifaa kingine piga picha kabla hujabadilisha chochote, hasa ile namba ya coding, yaani namba ya mipangilio ya kifaa.

Isipounganika na kebo ilifaulu kipimo cha mezani, tafuta kwenye gari. Chukua mita, pima kati ya pini 16 na pini 4 kwenye soketi, unatakiwa kupata volti za betri, ukikosa tafuta fyuzi. Halafu washa swichi upime pini 7 na pini 4, waya wa K ukiwa umetulia hukaa juu karibu na volti za betri. Ukikuta sifuri au volti moja mbili hivi, kuna kitu kinauvuta chini, na kwa gari za huku kwetu mtuhumiwa wangu wa kwanza ni redio. Golf 4, Passat B5, Polo na ndugu zake waya wa K unapita mpaka kwenye soketi ya nyuma ya redio kwa sababu redio ya kiwandani nayo inapimwa na mashine. Gari likija huku redio ya kiwandani inatolewa, inawekwa ya skrini ya Android au yoyote ile, fundi anachomeka plagi ya kawaida, na ile pini ya K kwenye redio mpya ni ya kitu kingine kabisa. Waya wote wa K wa gari zima unaangushwa na redio. Ivute redio nje, chomoa plagi zake, pima tena pini 7. Volti zikirudi juu umepata mchawi wako, utoe huo waya wa K kwenye plagi, ufunge na tepu vizuri uuache pembeni, redio itaendelea kupiga bila shida na gari litasomeka. Kama unajua gari lako limebadilishwa redio fanya hivi hata kabla hujajaribu kuunganisha, maana redio ikisukuma umeme kwenye waya huo inaweza kuharibu kebo au hata kompyuta ya gari.

Kama redio ni ya kiwandani na bado waya uko chini, chomoa kifaa kimoja kimoja mpaka uone kipi kinauangusha. Na kama volti ziko sawa ila injini haijibu na ABS inajibu, basi kebo haina kosa, angalia umeme wa ECU ya injini yenyewe.

Ukishaingia kwenye 01 bonyeza Fault Codes. Hapa bila kusajili unaweza kupata namba tupu ya tarakimu tano na watu wanakwama, kumbe kuna hesabu rahisi. Kwa makosa ya injini yanayoanzia 16384, toa 16384 na unapata kodi ya P0 inayojulikana na kila mtu. Mfano 16486 ukitoa 16384 inabaki 102, hiyo ni P0102, signali ya sensa ya hewa iko chini. 16684 inabaki 300, P0300, injini inamisi kwenye silinda zaidi ya moja, 16685 ni P0301 silinda ya kwanza. 16706 ni P0322, sensa ya mzunguko wa injini haitoi signali, hii ukiwa nayo na gari linazima likipata moto umeshajua pa kuanzia. Zikifika 17408 na kuendelea unatoa 17408 na kuweka P1 mbele, mfano 17965 inabaki 557, P1557, presha ya tabo imezidi ile inayotakiwa. Makosa ya vifaa vingine kama ABS na airbag yana namba ndogo zisizo na hesabu hii, hayo yatafute kwenye wiki ya Ross-Tech, wameyaeleza vizuri pamoja na sababu zake.

Usikimbilie kufuta. Andika kwanza, futa, endesha gari, soma tena, kilichorudi ndo kinachokuumiza, ambacho hakijarudi huenda ni cha betri iliyochomolewa mwaka juzi. Na P0102 haikwambii nunua sensa ya hewa, inakwambia signali iko chini, inaweza kuwa plagi imelegea au bomba la hewa limepasuka baada ya sensa. Fungua Measuring Blocks uone sensa inasema nini injini ikiwa inaunguruma, ndo upeleke hela dukani.

Kazi moja inayolipa gharama ya kebo mara moja ni kuifundisha throto baada ya kuisafisha au baada ya kuchomoa betri, maana gari linabaki na silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayopanda na kushuka. Injini imezimwa, swichi iko oni, mguu usiguse mafuta, ingia 01-Engine, Basic Settings, kundi 060 kama throto ni ya umeme, kundi 098 kama ni ya kamba, bonyeza Go. Utaisikia throto inakoroma yenyewe chini ya boneti, na kwenye skrini inaandika ADP kisha inamalizia na OK. Subiri nusu dakika hivi, toka, zima swichi, washa gari. Ikiandika ERROR badala ya OK mara nyingi betri iko chini au throto bado chafu.

Kwenye 15-Airbags soma tu usiguse coding. Kwenye 17-Instruments na 25-Immobilizer usijaribu namba ya siri ya kubahatisha, ukikosea mfumo unakufungia nje kwa muda na kila ukirudia unaongezeka. Laptop iwe na chaji ya kutosha, betri ya gari iwe na nguvu, na ukimaliza funga programu kwanza kwa Close Controller, ndo uzime swichi, ndo uchomoe kebo.